Alama Thelathini na Moja

Bi Alama alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuutibu: kutaka kujua. Ukikaa naye kwenye benchi dakika tano, tayari amekuuliza kwa nini kiatu kimoja umekifunga kwa fundo na kingine kwa kitanzi. Ukimjibu, anaongeza swali. Ukinuna, ananyamaza, halafu anauliza kwa macho. Majirani walisema huo ni umbea. Yeye alisema ni kazi, na kwa kuwa mshahara alikuwa anapata, tumwachie ushindi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, chumba cha nne mkono wa kulia ukishapita dirisha la dawa, na kila mgonjwa aliyeingia mle alitoka na namba moja kati ya sifuri na mia. Namba hiyo ilitakiwa iseme, kwa jumla, mtu huyu anaendeleaje na maisha. Analala? Anaoga? Anaelewana na wenzake? Kazi anafanya? Na humo kichwani kumetulia kiasi gani? Maisha ya mtu mzima, na vurugu zake zote, yalitakiwa yaingie kwenye kiboksi kidogo ambacho hata nzi angetua kwa shida. Bi Alama alikuwa na kadi ya plastiki iliyoeleza ngazi zote, kumi kumi, na kona za kadi zilikuwa zimelika kwa kushikwa. Chini kabisa ni mtu wa kulindwa muda wote. Thelathini na kitu, mambo yamemshinda karibu kila upande. Sitini na kitu, ana matatizo madogo lakini maisha yanakwenda. Tisini, huyo kliniki amekuja kutafuta nini?

"Mia hapewi mtu," alikuwa akisema. "Hata mganga mkuu nikimpima leo anarudi na sabini na mbili, kwa jinsi anavyogombana na printa."

Nyumbani nako hakupumzika. Mume wake, fundi umeme mstaafu, alizoea kuuliza kila asubuhi akiwa bado anapiga miayo, "Leo nina ngapi?"

"Sitini na tatu. Soksi zako hazifanani."

"Nimezivaa hivi makusudi."

"Basi hamsini na tisa."

Mzee anacheka mpaka anakohoa, chai inaletwa, siku inaanza. Wameishi hivyo miaka na miaka, na sijasikia mmoja akimlalamikia mwenzake.

Jambo moja zaidi la kumjua mama huyu: aliandika kwa kalamu ya kijani. Wenzake wote bluu, yeye kijani, miaka kumi na minane. Ukimuuliza sababu anakwambia, "Ili mtu asije akanisingizia maandishi yake." Alijiamini, msinielewe vibaya, na alikuwa na haki ya kujiamini, maana wagonjwa wengi walipona mikononi mwake wakijua kwamba kuna mtu mmoja duniani anayetaka kweli kujua wanaendeleaje. Lakini kujiamini kwenyewe kulikuwa kumenona kidogo.

Sasa basi. Goti lake lilifanyiwa upasuaji, akakaa nyumbani miezi mitatu na zaidi akimhesabia mumewe makosa, na aliporudi kazini alikuta mapinduzi. Fomu zote za karatasi zilikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta. Ukimtaka mgonjwa, unabonyeza, inatoka karatasi safi yenye tarehe, namba na maelezo mafupi. Jina la aliyepima halimo. Bi Alama aliitazama karatasi ya kwanza akasema imekaa kama risiti ya duka la dawa, kisha akaenda chumbani kwake kuchemka kimyakimya.

Siku ya tatu tangu arudi, Alhamisi, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliyetangulia alikuwa mama wa miaka sitini na tano hivi, amekumbatia bahasha ya plastiki, na kwa wingi wa watu wanaopita mle, Bi Alama hakumkumbuka. Nyuma yake akaingia binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mikono mipana, kucha fupi, ameinama kidogo kama mtu aliyezoea kupita milango mifupi.

"Habari za asubuhi, sista," mama akaanza kabla hajakaa. "Leo ni Alhamisi. Mia ukitoa saba ni tisini na tatu, tisini na tatu ukitoa saba ni themanini na sita. Anajua zote. Muulize!"

"Mama yangu, mbona sijauliza kitu?"

"Nakuwahi tu."

Binti akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Anacheka, Bi Alama akajisemea, na anacheka mahali pa kucheka. Hilo tayari ni jambo.

Kumbe mama alikuwa amemfundisha binti yake wiki nzima. Jirani mmoja aliyewahi kupimwa alimpa maswali, naye akayakalia kama mtihani wa taifa: asubuhi siku na tarehe, mchana hesabu za kutoa, jioni majina ya miezi kwa kurudi nyuma. Binti alikuwa na maarifa ya kupita kiasi. Ungemwamsha usingizini angekutajia Novemba kabla ya Oktoba.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Binti alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate mitaa miwili kutoka pale, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja. Miezi minane nyuma aliugua. Aliacha kulala, akaanza kusikia sauti ikimwamuru, na siku moja alitoa mikate yote tanurini ikiwa mibichi, akajifungia stoo ya unga mpaka mlango ukavunjwa. Tangu hapo yuko nyumbani. Meneja wake alimshikilia nafasi, muungwana yule, lakini sasa aliandika wazi. Kliniki yenyewe ndiyo iliyowaambia waajiri kwamba anayefanya kazi na moto au mashine asirudi kama alama yake haijafika sitini na moja. Akileta karatasi kufikia kesho Ijumaa, Jumatatu anarudi kwenye tanuri lake. Asipoleta, Jumatatu anaanza mtu mwingine.

Bi Alama akaitazama karatasi ya kompyuta. Mwezi wa kwanza wa ugonjwa, alama ishirini na nane. Sawa, mtu wa kuvunjiwa mlango ndiye huyo. Baadaye, arobaini na tano. Vizuri, anapanda. Kisha, miezi minne iliyopita, thelathini na moja. Halafu thelathini na moja. Halafu thelathini na moja tena. Maelezo ya ile ya kwanza yalikuwa mafupi: *Ndugu anasema hajiwezi kabisa.*

Akainua macho akamtazama mwokaji. Thelathini na moja ilikuwa imekaa mbele yake, blauzi imepigwa pasi, inamsubiri kwa utulivu.

"Dada, achana na hesabu za kutoa. Ukiamka asubuhi, unafanya nini kwanza?"

Mwokaji akamtazama mama yake. Hilo halikuwamo kwenye masomo.

"Namsubiri mama aamke."

"Kwa nini?"

"Kiberiti anacho yeye."

"Na kisu pia," mama akaongeza kwa fahari. "Vyote nimevifungia kabatini tangu walipotuambia ana thelathini na moja. Sista, mimi sichezi na namba za hospitali."

"Kabla ya hapo alikuwa anapika?"

"Anapika, anafua, anakwenda sokoni. Lakini si mlisema?"

Bi Alama akahisi kile kitu kinachomwasha kila mara. Mtu anapanda, anapika, anakwenda sokoni, halafu ghafla anaporomoka ngazi nzima bila mtu kujua ameanguka wapi. Kuna nini hapo?

"Ile sauti bado unaisikia?"

Mama akafungua mdomo kukanusha. Mwokaji akamgusa mkono.

"Naisikia. Si kila siku. Inakuja mara nyingi nikiwa nafagia, sijui kwa nini kufagia. Naiambia isubiri nimalize. Inasubiri."

"Na ukimaliza?"

"Inakuwa imeshaondoka."

Ungemwona Bi Alama, ungedhani amepewa zawadi. Aliweka kalamu chini, akauliza kuhusu kufagia kwa dakika kumi nzima: ufagio gani, chumba gani, sauti inaanzia kushoto au kulia. Mwokaji akajibu yote, na mwishoni akawa anauliza yeye, maana na yeye lilikuwa linamshangaza. Mama alibaki akigeuza kichwa huku na huku, amekasirika kwamba hakuna aliyeuliza majina ya miezi.

Kisha Bi Alama akanyanyuka na goti lake, akaenda moja kwa moja chumba cha daktari. Daktari alikuwa mwanaume mpole, mgeni kidogo pale kliniki, na siku hiyo hakujua kinachomjia.

"Daktari, hii thelathini na moja ni ya nani?"

"Mama, hizo mbili za mwisho ni zangu. Nilikuta ya kwanza, nikaona hakuna mabadiliko, nikaiacha."

"Ukaiacha! Namba ni kiti, uikute mahali uiache? Mtu anapika, anafua, wewe unamwandika hajiwezi kabisa? Ulimuuliza nini? Au ulimuuliza dirisha?"

Akamkalia kooni hasa. Akamweleza jinsi namba ikishatoka humu ndani inavyokwenda mpaka kwenye makabati ya watu. Daktari akanywea, lakini alipopata upenyo akasema jambo la maana.

"Nimekubali, nilikosea kunakili. Lakini mwenye hiyo ya kwanza si mimi. Na hata ukimpa sitini na kitu leo, mganga mkuu hatatia sahihi. Kutoka thelathini na moja mpaka huko kwa siku moja, kwenye tanuri la moto? Atataka mambo mawili: mtu aliyemwona kwa macho akifanya kazi, na sababu ya hiyo thelathini na moja."

"Nitakuletea yote mawili. Na huyo aliyeandika nitampata, tena atanieleza."

Mchana wa siku hiyo hiyo akajikongoja mpaka kiwanda cha mikate, fimbo mkononi, mwokaji pembeni yake. Meneja, mwanaume mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, akakubali kwa masharti: saa moja tu, na yeye asimame hapo hapo. Mama aliachwa nje kwenye benchi, kwa sababu alishaanza kumwambia binti yake hamira ni nini.

Bi Alama hakuwahi kuingia kiwanda cha mikate, na nusura asahau kilichompeleka. Kile kinafanya nini? Hiki mbona kinalia? Kwa nini unga unafunikwa kwa kitambaa kibichi? Meneja alijibu mpaka akachoka. Mwokaji yeye alikuwa amefunga kilemba, amenawa mikono hadi viwiko, na alipogusa donge la kwanza la unga mgongo wake ulinyooka. Ile hali ya kuinama ikaisha. Alikata, akapima kwa mzani, akaviringa, akapanga kwenye vibati, na mwenzake wa meza ya pili alipokosea kipimo akamrudishia donge bila maneno. Alifungua mlango wa tanuri akiwa amesimama pembeni, ili mvuke umpite. Kila mara, pembeni. Bi Alama akahesabu: mara sita kati ya sita.

Halafu akachukua ufagio.

Alifagia unga uliomwagika chini ya meza, akafika karibu na stoo, akasimama. Ufagio umetulia. Midomo inacheza. Meneja akamsogelea Bi Alama na kumnong'oneza, jasho likimtoka, "Ameanza?"

Bi Alama aliangalia saa ya ukutani, akaona sekunde nne zikipita, tano, sita. Ufagio ukaanza tena kusogea, taratibu, hadi kwenye kona, na takataka zikaingia kwenye pipa.

"Amemaliza," akamjibu.

Mikate ilipotoka, mwokaji akawa anaichukua mmoja mmoja kwa glavu, anaupindua, anaugonga chini kwa kidole, anasikiliza. Mingine akaipanga. Mitatu akairudisha ndani. Hilo lilimshinda Bi Alama.

"Unasikiliza nini?"

"Gonga mwenyewe, sista."

Akagonga.

"Umeiva huu."

"Haujaiva. Katikati bado." Mwokaji akaupasua, na kweli, katikati palikuwa na ubichi unaonata. Akamtazama muuguzi usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na utundu. "Hapo nakupa arobaini."

"Arobaini! Mimi?"

"Umegonga mara moja, tena pembeni, ukaniambia umeiva."

Meneja akacheka hadi unga ukamdondoka kwenye nyusi. Bi Alama naye akacheka, akaomba mwingine, akagonga mara nne.

Walirudi kliniki saa kumi kasoro. Njiani alikuwa tayari na hesabu yake kichwani. Kanuni inasema upime dalili kivyake na utendaji kivyake, kisha uchukue iliyo chini. Utendaji, sabini na mbili. Dalili, kwa sababu ya ile sauti ya kufagia, sitini na nne. Iliyo chini ni sitini na nne. Inatosha, na ni ya haki, hakuna aliyependelewa. Kilichobaki ni sababu ya thelathini na moja, na hilo alikuwa analifurahia. Alimwomba mtunza mafaili, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, atafute fomu yenyewe ya karatasi kwenye makabati ya nyuma, akaketi kumsubiri. Mwokaji na mama yake walikuwa kwenye viti vya ukutani. Daktari naye akaja akasimama mlangoni, na nadhani alistahili kuja.

"Tutamwona leo huyo bingwa," Bi Alama akasema. "Hata mimi sikuwepo. Tarehe hiyo nilikuwa nimeshaanza likizo ya goti."

Mtunza mafaili akaweka faili mezani, akalifungua, akafunua kurasa mbili. Kisha akaondoka haraka, kama mtu aliyeacha maji jikoni.

Ukurasa ulikuwa wa kijani.

Kijani kitupu, juu hadi chini. Ile 1 yenye kofia kichwani, aliyoiandika hivyo tangu shule. *Ndugu anasema hajiwezi kabisa.* Na sahihi yake, ndefu, yenye mkia, ya siku mbili kabla ya likizo.

Daktari alijikausha, Mungu ambariki, hata kikohozi alikizuia. Bi Alama aliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ile inayokaa. Lakini chini ya aibu, hata hapo, kile kitu chake kilikuwa bado kinawasha.

"Mama yangu," akamgeukia yule mama, sauti imepungua. "Siku hii nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama tunajiweza."

"Nilikuuliza kama anajiweza. Mgonjwa."

"Uliniuliza, 'Mnajiweza?' Umeinama unaandika. Watu walikuwa wengi siku ile, na pale nje walikuwa wanaandikisha wasiojiweza wapewe dawa bure. Nikajua na wewe ni wa orodha ile ile. Nikakwambia hatujiwezi, mwanangu, hatujiwezi kabisa. Mimi nilikuwa nasema habari ya mfukoni!" Akageuka huku na huku, ameanza kuogopa. "Kwani nilikosea?"

"Hukukosea. Na binti yako alikuwa wapi nilipokuwa naandika?"

"Dirisha la dawa. Alipanga foleni peke yake tangu asubuhi. Mimi miguu ilikuwa inaniuma, nikamwambia acha mimi niingie huko kwa sista badala yako."

Basi ndiyo hivyo. Mtu alikuwa amesimama foleni kwa muda wa saa tatu, peke yake, kadi mkononi, akichukua dawa zake mwenyewe, na hatua ishirini kutoka hapo anaandikwa hajiwezi. Kwa kalamu ya kijani, ili mtu asije akasingiziwa.

Mwokaji aliongea polepole, na hakumwangalia mama yake.

"Kwa hiyo sikuwa nimeanguka."

"Hukuanguka."

"Miezi minne." Mikono yake mipana ilikuwa imeshikana mapajani. "Sista, mimi nilikuwa najiona ninapona. Nikaambiwa thelathini na moja, nikasema basi, kumbe hata kujiona kwangu ni ugonjwa. Nikiamka najisikia vizuri, najiambia usijiamini, hospitali wanajua. Nimekaa miezi minne nasubiri kuwashiwa jiko." Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Nimekasirika. Naomba na hilo uliandike, kwamba nimekasirika."

"Una haki," Bi Alama akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuuliza pembeni, tena hata sikukuuliza wewe."

Mwokaji hakusema amesamehe. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyoukubali mkate.

Bi Alama akavuta fomu mpya. Kiboksi cha alama: 64. Kwenye maelezo akaandika alichokiona kiwandani, pamoja na zile sekunde sita za ufagio, hakuficha. Akaandika mgonjwa amekasirika, na kwamba hasira yake ina sababu. Kisha akafika kwenye ule mstari ambao daktari alikuwa anausubiri. Kalamu ikasimama. Angeweza kuandika "hitilafu ya kumbukumbu", maneno hayo yapo, watu huyatumia kila siku na hakuna anayekufa. Akapiga moyo konde, akaandika: *Alama 31 ilikuwa kosa. Mpimaji hakumwona mgonjwa, na alisikia vibaya jibu la ndugu. Mpimaji ni mimi.* Akatia sahihi na mkia wake wote.

Daktari akachukua karatasi akapanda nayo ngazi kwa mganga mkuu. Ilirudi ina muhuri. Mama mtu akaishika kwa mikono miwili, akaisoma, akauliza kama sitini na nne ni kufaulu. Binti yake akamnyang'anya kwa upole.

"Mama, nipe na funguo ya kabati."

Mama akapapasa kifuani, akaitoa, akampa.

Jioni ile fundi umeme alimsubiri mke wake sebuleni amevaa soksi mbili tofauti kabisa, moja nyekundu. Akanyoosha miguu mbele ya televisheni.

"Haya. Nina ngapi?"

"Sijui," Bi Alama akasema. Akaketi, akamtazama sana. "Hebu niambie wewe. Unaendeleaje, mume wangu?"

Mzee akashtuka kidogo. Akazima televisheni. Ikawa siku ya kwanza kumsikia akieleza kwamba tangu astaafu mikono yake haijui iende wapi, na kwamba soksi alikuwa anakosea kweli.

Kesho yake asubuhi, kabla kliniki haijafunguliwa, Bi Alama alikuwa kwenye makabati ya nyuma na mtunza mafaili. Hakuomba jina la mtu. Aliomba kila fomu ya kijani yenye neno "hajiwezi". Kufikia saa nne walikuwa wamepata kumi na saba, na kabati lilikuwa bado nusu.

Aliibeba ya kwanza mpaka mezani kwake. Mshona viatu, alama thelathini na nne, mwaka juzi, ndugu anasema hajiwezi. Hakumkumbuka hata sura. Akatafuta namba ya simu chini ya fomu, akaipiga, akasubiri huku anagonga meza kwa kidole. Simu ikapokelewa, na sauti ya mwanaume ikasema halo.

"Halo, habari yako, kaka. Ni muuguzi wa kliniki, chumba cha nne. Kuna swali niliuliza vibaya. Nakuomba nikuulize tena, safari hii wewe mwenyewe."